Mstari Nyuma Yangu

Asubuhi hii jirani kaunguza uji. Harufu ya unga ulioshika chini ya sufuria ikapita dirishani nikiwa nakunja kanga, nikaiacha kanga kitandani, nikakaa. Harufu hiyo ikinipata hunirudisha Tandahimba, Januari 2019, siku niliyogombea ujumbe wa kamati ya shule.

Msimu ule mnaukumbuka. Korosho shilingi 3,300 kwa kilo, tukashangilia, kisha fedha zikachelewa. Shule zikafunguliwa na nyumba nyingi hazina kitu. Watoto walitoka alfajiri na embe moja mkononi, wengine bila hata hiyo. Elimu bila ada ilikuwa imetimiza miaka mitatu, na wengi walishashika kwamba mzazi hachangii tena chochote, hata kikombe cha unga.

Kilichonisukuma ni mtoto mmoja wa darasa la tatu, analelewa na bibi yake. Alisinzia darasani, akachapwa. Kesho yake akasinzia tena, akachapwa tena. Binti yangu ndiye aliyenihadithia huku analia, maana walikaa dawati moja. Nilipomuuliza yule mtoto alikula nini, akanitazama, akasema, "Lini?"

Nikaandikisha jina. Shemeji akaniambia mwanamke hawezi kubishana na walimu. Mama mdogo akaniazima kanga yake mpya. Mbele ya wazazi nikasema mambo matatu tu: uji saa nne, mwalimu mmoja ambaye watoto watamwendea bila hofu, na viboko vifuate kanuni. Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe.

Mtendaji akaamua tupige kura kwa mstari. Mwenzangu akasimama chini ya mwembe, mimi karibu na mlingoti wa bendera, nyuso zetu tumezielekeza madarasani, hakuna kugeuka. Nikabaki na masikio. Ndala zilikuwa zinaburuzwa mchangani, zinakuja, zinasita, zinakwenda. Nikasikia kikohozi cha shemeji, nikakifuata hadi kilipotulia upande wa mwembe. Moyo ukashuka. Kisha harufu ya mafuta ya nazi: mama mdogo, huyo yuko nyuma yangu kabisa. Ukuta wa darasa la tatu ulikuwa na ufa ulioanzia kwenye dirisha, nikaukazia macho ili nisitetemeke.

Halafu kitu kikavuta upindo wa kanga yangu, chini, kidogo tu. Nikasahau amri, nikageuka. Alikuwa yule mtoto. Shati la shule halina vifungo, amejipenyeza kati yangu na mama mdogo, amenyooka kama yuko paredi. Mtendaji akaja, akamshika bega kwa upole, sina la kumlaumu. "Wewe huhesabiwi, baba. Nenda kacheze."

Akatoka. Hakwenda kucheza. Alisimama pembeni, macho yake bado kwenye mstari.

Nilipata kura 47, mwenzangu 39.

Nilikaa kwenye kamati miaka mitatu. Kikao cha kwanza niliomba daftari la adhabu. Likaletwa, jeupe, halijaandikwa hata neno. Uji ulianza Machi kwa unga wa kuchangishana kikombe kikombe. Siku ya kwanza tuliuunguza, watoto wakaunywa hivyo hivyo na kuomba tena. Ukakatika Mei, ukarudi korosho zilipouzwa, ukakatika tena. Mwalimu wa kuwasikiliza watoto alipatikana, akahamishwa. Kuhusu viboko sijui nilisaidia nini. Nililiona daftari likianza kujazwa, na bado niliwaona watoto wakirudi nyumbani wanachechemea.

Miaka yote hii nimeamini kwamba mtoto yule alisimama nyuma yangu kwa sababu alijua nimesimama kwa ajili yake. Wazo hilo lilinipa nguvu vikao vilipokuwa vigumu. Leo, na harufu ile puani, limenijia jingine: aliona watu wamepanga mstari nyuma ya mama aliyemuuliza habari za chakula. Huenda alidhani kuna kinachogawiwa.

Sasa ni kijana, nasikia yuko Mtwara mjini. Sikumuuliza. Siku ile, kura zilipokwisha kuhesabiwa, kina mama walinipigia vigelegele hadi mlangoni kwangu, na sikukumbuka kurudi uwanjani kumtafuta.