Mnara wa vita ukigongwa kwenye kipilefti, pesa ya kwanza isinunue saruji

Lori likipanda kipilefti na kuugonga mnara wa kumbukumbu ya vita, kesho yake utakuta mtu ameshaleta mifuko miwili ya saruji. Nia ni njema, lakini ukarabati wa namna hiyo huumiza kuliko lori lenyewe. Saruji inakaza na kuziba kuliko chokaa waliyojengea mafundi wa zamani. Maji ya masika yakishapenya hayapati pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, na baada ya misimu kadhaa uso wa jiwe unabanduka. Kwa hiyo kamati yoyote ya kuchangisha, iwe Moshi au Arusha, ipeleke pesa ya kwanza kwenye uchunguzi na vibali.

Kabla kadi za mchango hazijachapwa, lijibiwe swali hili: mnara ni wa nani? Kiwanja kinaweza kuwa cha manispaa, barabara ikawa ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa) au TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), na mnara wenyewe ukawa unalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kila mmoja aandikiwe barua yake, na majibu yawe ya maandishi. Ofisi ya mkuu wa wilaya nayo iulizwe kuhusu kibali cha kuchangisha hadharani. Kama mnara utahamishwa, eneo jipya lipimwe kwa futi kamba, maana Sheria ya Barabara ya 2007 inazipa barabara kuu hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Mkiusimika ndani ya hapo, mtachangisha tena barabara itakapopanuliwa. Dar es Salaam, makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yalihamishwa mwaka 1968 kupisha barabara mpya.

Kuhusu pesa, watu wetu wanajua kuchanga. Harusi na misiba imetufundisha. Kinachoharibu ni kuhesabu ahadi kama fedha taslimu. Kreni isiagizwe mpaka pesa yake iwe benki. Akaunti iwe ya kikundi, yenye watia saini watatu, na lipa namba isomeke jina la kikundi, si simu ya mwenyekiti. Taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe ofisi ya kata kila mwezi pamoja na nakala za risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi. Mwenye machimbo akitoa mawe, au mkandarasi akitoa kreni ya siku moja, thamani yake iandikwe daftarini kama mchango kamili. Mimi ningetenga asilimia 20 ya bajeti kwa dharura, kwa sababu hakuna ajuaye kilichomo ndani ya mnara mpaka ufunguliwe.

Mara nyingi kilichomo ni nondo au pini za chuma zilizoshika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, hivyo pini inavimba na kulipasua jiwe kutokea ndani. Ufa unaodhaniwa umeletwa na ajali huenda ulianza miaka mingi nyuma. Pini hizo zitolewe kwa kutoboa pembeni taratibu, bila nyundo nzito, na nafasi yake ichukuliwe na chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316.

Kabla jiwe lolote halijasogezwa, pigeni picha pande zote nne mkiwa mmeweka rula ndani ya picha, kisha kila jiwe lipewe namba kwa chaki upande usioonekana, na namba hiyohiyo iandikwe kwenye mchoro. Halafu pigeni hesabu ya uzito. Kitako cha zege cha mita 1 kwa 1 kwa 1.5 kina takribani tani 3.6, cha jiwe zito la volkano kinaweza kupita tani 4. Hapa ndipo watu wanapoumia: kreni inayoitwa ya tani 10 hunyanyua tani 10 mzigo ukiwa karibu nayo kabisa. Ikinyoosha mkono mita kadhaa, uwezo unashuka vibaya sana. Dai jedwali la uwezo kwa dereva, upime umbali mwenyewe. Mzigo ufungwe kwa mikanda ya kunyanyulia, na kona za jiwe ziwekewe mbao. Mnyororo unamega kona.

Kujenga upya kufanyike Juni hadi Septemba, masika yakishapita. Uwiano ni chokaa iliyolowekwa kipimo 1 kwa mchanga safi vipimo 3, na mahali penye unyevu iongezwe pozolana, majivu ya volkano yanayochimbwa Holili. Viungo vifunikwe kwa magunia mabichi angalau wiki nzima, kwa kuwa chokaa ikikaushwa na jua inageuka unga. Msingi mpya unaweza kuwa wa zege, hilo halina ubaya. Ila kama udongo ni ule mweusi unaovimba, uchimbwe wote uondolewe.

Kibao cha shaba kinakiliwe kwa karatasi na penseli kabla ya kung'olewa, kwani wezi wa vyuma chakavu hawachagui historia. Kirudishwe kwa boliti zilizofichwa nyuma. Na majina? Minara mingi ya vita vya 1914 hadi 1918 haina majina ya wapagazi na askari Waafrika waliokufa huku kwetu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kutowatendea haki wafu hao na kuomba radhi. Kuyaongeza ni haki yao, lakini yachongwe kwenye bamba jipya pembeni, lenye mwaka wake, bila kugusa maandishi ya zamani.

Asilimia 10 ya fedha ibaki benki kwa matunzo. Mnara uoshwe kwa maji na brashi laini kila baada ya masika, bila asidi, bila brashi ya waya, na bila rangi ya dhahabu inayopakwa kila kiongozi anapotarajiwa.