Kanisa Lililochongwa Ndani ya Chumvi

Safari ya kuingia katika mgodi wa chumvi wa Wieliczka, kusini mwa Poland, huanza kwa ngazi za mbao zinazozunguka ndani ya shimo la Daniłowicz, na mpaka mtu afike kituo cha kwanza, mita 64 chini ya ardhi, huwa ameshuka vidato takribani 380. Kelele za mji hupotea mapema sana. Kinachobaki ni vishindo vya viatu vya wenzako juu ya mbao, na baridi ya kadiri ambayo haibadiliki, uwe umekwenda wakati wa kiangazi au wakati wa theluji.

Nilitarajia kuta nyeupe. Chumvi ya huko ni ya kijivu, mahali pengine yenye rangi ya kijani iliyofifia, na imeshikamana kama jiwe hata asiyeambiwa hawezi kuitambua. Kiongozi wetu alituruhusu kuonja ukuta kwa ncha ya ulimi, nami nilionja, kwa sababu macho yangu yalikuwa bado yanakataa kuamini. Alitueleza kwamba chumvi hiyo iliachwa na bahari iliyokauka miaka milioni 13 na zaidi iliyopita, kisha milima ya Carpathian ilipokuwa ikijiinua ikaisukuma na kuikunja, na ndiyo maana mikanda inayoonekana kutani imepinda kama nguo iliyokunjwa kwa haraka.

Watu walianza kuchimba huko katika karne ya 13, na katika karne iliyofuata, wakati wa Mfalme Kazimierz Mkuu, mapato ya chumvi yalifikia karibu theluthi moja ya hazina ya ufalme. Utajiri huo ulitolewa chini kwa taabu ambayo sikuwahi kuifikiria. Katika chumba kimoja kuna sanamu za watu wanaotambaa, kila mmoja ameshika mti mrefu wenye mwenge kwenye ncha. Kazi yao ilikuwa kutangulia mbele ya wenzao na kuichoma gesi ya methani iliyojikusanya karibu na dari kabla haijawa nyingi kiasi cha kulipuka. Walijilaza chini ili moto upite juu yao. Katika chumba kingine yapo magurudumu makubwa ya mbao yaliyozungushwa na farasi ili kupandisha magogo ya chumvi, na wengi wa farasi hao waliishi humo humo ardhini kwa miaka mingi. Farasi wa mwisho aliyetumika mgodini alitolewa mwaka 2002. Mbao za magurudumu na nguzo zinazozuia dari zimedumu kwa karne kadhaa, kwa kuwa chumvi imezipenya na kuzikinga zisioze.

Kisha tukafika mita 101 chini, katika kanisa la Mtakatifu Kinga. Kinga alikuwa binti mfalme wa Hungaria, na hadithi ya wachimbaji husema kwamba aliitupa pete yake katika mgodi wa chumvi wa kwao, akaja kuolewa Poland, akaamuru watu wachimbe, na pete ikapatikana ndani ya pande la kwanza la chumvi. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1999. Kanisa lake lina urefu wa mita 54, na sakafu yake, inayofanana na vigae vilivyopangwa, ni mwamba ule ule wa chumvi uliochongwa na kung'arishwa. Altare ni chumvi. Taa zinazoning'inia zimepambwa kwa fuwele za chumvi. Ukutani nilisimama muda mrefu mbele ya mchongo wa Karamu ya Mwisho, ambao ukiutazama kwa mbele unadhani chumba cha mitume kinaendelea ndani kabisa, ilhali kina chake ni kidogo mno.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba kazi hiyo, iliyoanza mwaka 1896 na kuendelea kwa miongo kadhaa, ilifanywa na wachimbaji watatu: Józef Markowski, mdogo wake Tomasz, na Antoni Wyrodek. Ni mikono ile ile iliyozoea sururu.

Hata hivyo, nikiwa pale nilianza kuhesabu pumzi zangu. Adui wa chumvi ni maji, na kila mgeni huingia na unyevu wake kifuani. Mgodi huu uliingizwa katika orodha ya kwanza kabisa ya Urithi wa Dunia mwaka 1978, lakini mwaka 1989 ukawekwa miongoni mwa urithi ulio hatarini kwa sababu unyevu ulikuwa ukiyeyusha sanamu, na haukuondolewa humo hadi 1998, baada ya mitambo ya kukausha hewa kufungwa. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1992, maji yalifumuka katika handaki moja, yakautishia mgodi na mji ulio juu yake. Naona ni haki kabisa kwamba wageni huongozwa kwa makundi na kwa njia moja, yenye urefu wa kilomita tatu hivi, ingawa mahandaki yote yanazidi kilomita 240. Ningekubali hata kama tungepunguzwa zaidi.

Uchimbaji wa kibiashara ulikoma mwaka 1996, lakini pampu hazijakoma. Maji yanayochuruzika ndani ya mgodi hukusanywa, hupandishwa juu na kuchemshwa mpaka yakauke, na chumvi inayobaki huuzwa. Nilinunua pakiti moja baada ya lifti ya wachimbaji, nyembamba na yenye giza, kuturudisha kwenye mwanga. Hii ilikuwa nyeupe.