Siku moja maishani mwangu: shuka jeupe lisilokwisha

Saa 12:00 asubuhi. Mwanga ndio unaonipangia ratiba. Jua likiwa bado chini naziona rangi za jana zilivyo, bila taa kuzipendelea. Leo lakini brashi zitasubiri. Yanaandaliwa maonyesho ya kazi zangu za tangu ujana, na msimamizi ameomba kurasa mbili kuhusu "dhamira zinazojirudia". Kuandika si kazi yangu, na ninavyojua mimi mchoraji akianza kujieleza huishia kujipamba.

Saa 1:30. Msaidizi wangu amefika. Tunashusha turubai za zamani kutoka kwenye rafu, tunafungua vitambaa, tunaziegemeza ukutani kwa kufuata miaka. Vanishi ya zile za mwanzo imegeuka manjano. Kijana anatembea kutoka mwanzo hadi mwisho wa mstari, kisha anacheka.

"Mwalimu, hili shuka lipo kila mahali!"

Lipo kweli. Limeanikwa kambani, limemfunika mtoto aliyelala, limetandikwa kitanda cha mgonjwa, limening'inia mlangoni. Hata pale nilipodhani nachora soko, kuna mtu amejitanda kitu cheupe pembeni. Wahakiki waliwahi kuandika kwamba ni sanda. Mwingine akasema ni usafi wa moyo. Sikuwabishia, maana maelezo yao yalikuwa mazuri kuliko yangu.

Saa 3:00. Nachora. Ukweli wa shuka uko hapa kwenye stendi, nao hauna fumbo: nyeupe iliyo kivulini ni ngumu kupata. Ukitia nyeusi ndani ya nyeupe, unapata jivu, kitambaa kinakufa. Picha zangu za mwanzo zimejaa jivu hilo. Miaka iliyofuata nilihamia buluu, kila mkunjo ukawa wa baridi. Baadaye sana ndipo nilipoona kwamba kivuli cha kitu cheupe huazima rangi ya jirani yake: ukuta wa udongo ukiwa karibu, mkunjo unaingia wekundu, sakafu ikiwa ya kijani, ukingo wa chini unapata ukijani. Kwa hiyo kila nikihamisha shuka mahali pengine, hesabu yote inaanza upya. Ndiyo maana narudia.

Saa 6:00 mchana. Jua limesimama utosini, vivuli vimekuwa vifupi na vikali, hakuna cha kuchora. Naandika zile kurasa alizoomba msimamizi.

Ninawafikiria wachoraji waliorudia kabla yangu. Monet wa Ufaransa, mwaka 1890 na 1891, alichora marundo ya nafaka yale yale saa tofauti na misimu tofauti. Rundo lilikuwa kisingizio tu, alichokuwa akikifukuza ni mwanga. Morandi wa Italia, aliyefariki mwaka 1964, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kusogeza chupa na vikombe mezani, hatua ndogo ndogo. Hao naona ni ndugu zangu.

Lakini yupo Munch wa Norwe, naye ananiharibia hoja. Dada yake Sophie alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1877, na picha ya msichana mgonjwa aliichora kwa rangi ya mafuta mara sita, katika muda wa karibu miaka 40. Huwezi kusema alikuwa anatafuta rangi tu. Na nyuma ya kichwa cha yule msichana, kuna mto mkubwa mweupe wa kuegemea. Nimeutazama mto huo mara nyingi kwa jicho la fundi. Leo nimeshindwa kuutazama hivyo, na kile kitanda cha mgonjwa kilichoegemea ukuta wangu nimekiruka nilipokuwa naandika.

Saa 8:30. Simu ya msimamizi. Anataka vyumba vitatu: Familia, Safari, Upweke. Mimi nataka picha zipangwe kwa mwanga unakotoka, za kushoto pamoja na za kulia pamoja. "Mzee wangu, watazamaji hawaji kuangalia dirisha," ananiambia kwa upole. Tumekubaliana ukuta mmoja uwe wangu.

Saa 10:00. Mwanga umekuwa wa dhahabu na shuka la asubuhi limekuwa kitu kingine kabisa. Nakwangua nusu ya kazi kwa kisu. Kwenye zile kurasa nako nimefuta: maneno "dhamira yangu" yametoka, nimeandika "tatizo langu".

Saa 12:00 jioni. Tunaosha brashi kwa tapentaini, halafu kwa sabuni. Kijana anauliza kwa nini kitanda kile hakijawahi kuuzwa.

"Hakijakauka," namjibu.

Rangi ya mafuta huchukua muda, anajua, lakini si miaka 20. Ameinama kwenye ndoo bila kuuliza tena. Nimemwambia kesho akipeleke kwenye ukuta wangu, kikae katikati, na mwanga uingie kutoka kushoto.