Siku yangu na bakteria wa kinywani waliohamia utumboni

Saa moja asubuhi. Hata chai sijanywa, nimeshafungua inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli, kuzijulia hali seli zangu. Zinaitwa HCT116. Zilitolewa zamani kwenye uvimbe wa mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana, na hadi leo zinaendelea kugawanyika katika nyuzijoto 37. Majimaji yanayozilisha yakigeuka manjano, ujue zimejazana na chakula kimechakaa. Leo ni mekundu, kwa hiyo kazi ipo.

Saa mbili. Sasa zamu ya bakteria. Hawa wangu, Fusobacterium nucleatum, oksijeni huwaua, hivyo wanakaa kwenye kasha lililojazwa naitrojeni, na haidrojeni na kaboni dioksidi kidogo. Naingiza mikono kwenye glavu ndefu za mpira zilizoshikizwa ukutani mwa kasha. Humo ndani kufungua kifuniko cha kichupa peke yake ni shughuli. Ukiwatoa nje, harufu yao ya siagi iliyovunda inajaa chumba kizima hapa Seattle, Marekani, na madirisha yetu hayafunguki.

Kwao hasa ni kinywani, kwenye ukoga wa meno na fizi. Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti, moja la Marekani na jingine la Kanada, yalieleza kwamba bakteria hawa ni wengi ndani ya uvimbe wa saratani ya utumbo mpana kuliko kwenye nyama ya pembeni isiyo na ugonjwa. Je, ni wapangaji tu waliopata chumba, au wana mkono katika ugonjwa? Swali hilo ndilo lililonileta kwenye kazi hii.

Saa nne. Nawakutanisha: bakteria 50 kwa kila seli. Sahani ya kwanza ina bakteria kamili, ya pili wale walioondolewa jeni ya protini iitwayo Fap2, ya tatu haina bakteria. Fap2 hushika sukari ambayo seli za saratani ya utumbo huwa nayo tele juu ya utando wake. Bakteria hao wana protini nyingine, FadA, ambayo hushika E-kadherini, ile inayounganisha seli na jirani yake, na kuamsha ndani ya seli mfumo unaohimiza ukuaji.

Saa sita. Mombasa ni saa nne usiku, na shangazi hajalala.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hao wadudu wako wa saratani, si wanakufa kwa Flagyl? Nimtume mtoto duka la dawa?"

Namwambia asimtume. Ni kweli, mwaka 2017 watafiti walipandikiza uvimbe wa binadamu kwenye panya, wakawapa metronidazoli, ndiyo hiyo Flagyl, na ukuaji wa uvimbe ukapungua. Lakini walikuwa panya, na dawa hiyo huua hata bakteria wanaotufaa. Namsihi kitu kingine: baba mdogo, anayesema damu kwenye choo ni bawasiri tu, aende hospitali apimwe. Bawasiri na saratani zote zinaweza kutoa damu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Shangazi ananyamaza kidogo, kisha ananiambia atamwendea mwenyewe asubuhi.

Saa nane. Nakusanya majimaji ya kila sahani na kuyachuja mpaka hakuna bakteria hata mmoja. Nayaweka chini ya kiwambo chenye matundu ya mikromita 8, na juu yake naweka seli mpya ambazo hazijawahi kuguswa na bakteria, nione kama zitapenya kwenda chini. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech walionyesha kwamba seli zilizovamiwa humwaga IL-8 na CXCL1, protini ambazo seli hutumia kupelekeana ujumbe, na majimaji hayo yanatosha kuzifanya seli nyingine za saratani zihame. Hapo ndipo ninapoogopa hasa. Bakteria hahitaji kuifikia kila seli, kwani zile alizozigusa zinazichochea nyingine.

Saa tisa na nusu. Viwambo vya jana viko tayari. Nafuta upande wa juu kwa pamba, napaka rangi ya zambarau, naweka chini ya hadubini. Kwenye kile kisichopata bakteria, madoa yametawanyika mojamoja. Cha bakteria kamili kimejaa. Kuna seli moja nusu yake imeshapita tunduni na nusu bado imo ndani ya tundu, imejibana katikati. Kile cha bakteria wasio na Fap2 kinakaribia kufanana na kisicho na bakteria. Nahesabu mara mbili, kisha mwenzangu anahesabu bila kuambiwa kipi ni kipi.

Saa kumi na moja. Kikao kifupi. Tunarudia mjadala wa matokeo ya 2024 ya Fred Hutchinson, kituo cha utafiti wa saratani papa hapa mjini: si kila Fusobacterium ni mkosaji. Tawi moja, Fna C2, lilipatikana katika takriban nusu ya uvimbe uliochunguzwa. Nafurahi sana kwa hilo, maana kulenga tawi moja kuna matumaini kuliko kuangamiza bakteria wote wa tumboni.

Saa kumi na mbili jioni. Naandika kwenye daftari mpango wa kesho: sahani ya nne, bakteria kamili pamoja na galaktosi, sukari inayoizuia Fap2 isishike.