Kufunga rimu, tairi na koili mpya kwenye Prado: nati ndo zinaamua

Wakuu, mbukwenyi. Tangu niweke picha ya Prado stetasi meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, rimu umetoa wapi na tairi ni saizi gani. Hakuna aliyeuliza nimefunga na nati gani. Basi post hii ni kwa ajili ya nati, bushi, na vile vitu vingine ambavyo havionekani kwenye picha, rimu na tairi tutazigusa humo humo njiani.

Gari ni Prado 120, ilikuja na 265/65R17 (upana milimita 265, ukuta asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 17) kama zilivyo nyingi za Japan. Njia zangu za huku Dodoma wengi mnazijua, Farkwa, Kwa Mtoro, Bahi, mara nyingine Kibakwe kule juu Mpwapwa. Kiangazi unapambana na mchanga wa makorongo, mvua zikianza Desemba unakutana na tope jeusi la mbuga, na miiba ya migunga hiyo haina msimu, ipo mwaka mzima inakusubiri wewe. Kwa hiyo sikutaka gari la kupigia picha, nilitaka gari inayofika na kurudi.

Tairi nimechukua 265/70R17 za AT, yaani za lami na za rafu rodi pia. Watu wakisikia tairi kubwa wanadhani gari limepanda nusu futi, hapana aisee. Ya kiwandani ina kipenyo cha kama milimita 776, hii mpya ni 803, na tofauti yenyewe nusu ndo inaingia chini ya ekseli, nusu nyingine inaenda juu kwenye madigadi, kwa hiyo umepanda milimita 13 tu. Faida kubwa ipo kwenye ukuta wa tairi. Ile ya zamani imeandikwa 112, yaani tairi moja inabeba kilo 1,120, hizi za LT, zile za magari ya mzigo, zimeandikwa 121, kilo 1,450. Sina mzigo wa namna hiyo, lakini tairi inayobeba hivyo ina tabaka nyingi zaidi na ndo maana mwiba wa pembeni au jiwe la mlimani haliimalizi kirahisi. Hasara nazo zipo, tairi ni nzito, inakula mafuta kidogo na kwenye lami inagonga kuliko ile ya mwanzo, asikudanganye mtu.

Kuna wadau wananiambia ningeenda 285/70R17 moja kwa moja. Inaingia, ila ukikata kona ukiwa umejaza usukani inasaga nyuma ya gurudumu pale bodi inaposhikana na chasisi, wengi wanaishia kukata chuma. Kukata chasisi ili ufike Bahi? Mimi sijaona sababu.

Spidi mita nayo inabadilika. Kipenyo kimeongezeka asilimia 3 na ushee, maana yake dashibodi ikiandika 50 wewe uko karibu 52. Spidi mita nyingi zinasoma juu kidogo toka kiwandani kwa hiyo unaweza ukajikuta umekuwa sawa kabisa, ila ipime kwa GPS ya simu kabla hujafika Kibaigwa, jamaa wa tochi hawana muda wa kusikiliza hesabu za kipenyo, ni elfu 30 yako tu.

Halafu angalia tarehe kabla hujalipa. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT, mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa haijawahi kukanyaga barabara lakini imekaa juani nje ya duka miaka, na jua la Dodoma unalijua.

Sasa rimu. Hapa ndo mafundi wengi wanakuambia "bosi hii ni matundu sita, inaingia tu". Ni kweli matundu sita ya Prado, Hilux, Patrol na Pajero yamepangwa kwenye duara moja la milimita 139.7. Lakini tundu la katikati siyo moja! Prado inataka milimita 106, rimu za Pajero za miaka hii ni 67, sasa hapo stadi zote sita (bolti zinazoshika nati) zitapita vizuri afu habu, kile kitovu kinachobeba rimu, ikagoma katikati. Na kinyume chake, ukipata rimu yenye tundu la 110 itaingia ikiwa imelegea, utafunga vizuri ukidhani umemaliza, ukifika spidi 90 usukani unaanza kutetemeka na watu wa balansi wanakula hela yako kila wiki. Dawa yake ni ringi ya kujazia katikati, kitu kidogo cha bei ndogo, ya aluminiamu ni nzuri zaidi kwa gari inayoshinda kwenye joto la breki.

Namba nyingine ni ofseti, ile ET iliyopigwa mhuri nyuma ya rimu, ni milimita ngapi uso unaokaa kwenye habu umepita katikati ya upana wa rimu, ikipungua tairi inatoka nje. Ya kiwandani ni upana wa inchi 7.5 na ET30. Nilichofunga ni inchi 8 na ET25, yaani tairi imetoka nje milimita 11 na imeingia ndani moja tu, haigusi kitu. Zile rimu za sufuria ambazo vijana wanazipenda, inchi 8 ET0, zinatoa tairi nje milimita 36 kila upande. Gari inaonekana imekaa kibabe, sikatai. Ila beringi za habu zinabeba mzigo mbali na pale zilipotengenezewa, usukani unarushwa na kila shimo, na tope lote linaruka mpaka kwenye vioo vya milango. Spesa, zile sahani za kuweka kati ya habu na rimu, nazo ni stori hiyo hiyo, umeongeza na nati nyingine sita za kuzifikiria kila gurudumu.

Haya, nati. Rimu za aloi za Toyota zinafungwa na nati zenye shingo ndefu na washa bapa, ile shingo inazama ndani ya tundu la rimu na washa inakaa juu. Rimu za kununua dukani nyingi zinataka nati yenye mdomo wa koni. Uzi ni ule ule, 12 kwa 1.5, soketi ni ile ile 21, kwa hiyo nati ya zamani inaingia vizuri kabisa kwenye rimu mpya na inakaza kabisa, na hapo ndo hatari ilipo maana washa bapa kwenye tundu la koni inashika kwenye ukingo tu, sehemu nyembamba sana. Itashika leo, kesho, siku ukiwa na familia kwenye rafu rodi ya Kwa Mtoro inaanza kulegea. Kwa hiyo ukinunua rimu uliza nati zake hapo hapo, usitoke dukani bila nati 24, na hakikisha spea nayo una nati zinazoifaa.

Kabla ya kupandisha rimu tulipiga brashi ya waya kwenye uso wa habu mpaka chuma kikang'aa. Kutu ikibaki pale katikati, au rangi nene nyuma ya rimu, inakandamizika baadaye na nati inabaki imelegea bila kuzunguka hata kidogo. Stadi usizipake grisi, najua wengi mnapaka. Nati ikiteleza kwa grisi, nguvu ile ile ya mkono inavuta stadi kuliko inavyotakiwa.

Na nguvu yenyewe ya kukaza ni karibu Nm 110 (nyutoni mita). Kwa spana ya nusu mita ni kama umening'iniza kilo 22 mwishoni, haifiki hata nusu mfuko wa saruji. Sasa linganisha na yule kijana anayeweka bomba kwenye wili spana afu anapanda juu yake na miguu miwili. Stadi inavutika, siku nyingine inakatika ukiwa peke yako porini unafungua pancha. Fundi wangu alinicheka nilivyotoa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwenye buti, "bosi hii ni ya injini hii", nikamwambia leo ni ya tairi, kaza kwa kukatisha, hii, afu ya upande wa pili, afu rudi. Ilivyolia "ka" ya kwanza akasema mbona mapema sana. Eeh, ndo hapo hapo fundi.

Koili na shokapu ndo kazi iliyokula muda. Nimepandisha inchi 2 mbele na nyuma. Nyuma ni rahisi, ekseli inashuka, koili ya zamani inatoka kwa mkono, mpya inaingia, shokapu, basi. Ila chagua koili kulingana na mzigo unaobeba kila siku, siyo ule wa safari ya Krismasi. Koili ya kubeba kilo 400 kwenye gari tupu, kwenye barabara yenye mawimbi ya bati, gari inacheza kama mbuzi aliyefungwa kamba na breki hazishiki.

Mbele koili imekaa juu ya shokapu, na ili itoke lazima ibanwe kwa springi kompresa. Jamani, hapa msifanye mzaha. Nimeona gereji wanaifunga na cheni au waya afu wanafungua nati ya juu, ile koili ina nguvu ya kubeba kona nzima ya gari, ikichomoka inaua mtu. Kama gereji haina kompresa nzuri, beba shokapu zako peleka kwenye gereji yenye nayo. Wakati wa kurudisha angalia mambo mawili, mwisho wa koili ukae kwenye kidato chake, na zile bolti tatu za juu zilingane na tundu la bolti ya chini, zikipishana hata kidogo shokapu haitaingia na utarudia kubana upya.

Bushi sasa. Bolti za amu za chini, ile mikono inayoshika gurudumu na chasisi, zikiwa zimelegezwa, watu wanakaza kabisa gari ikiwa bado iko juu ya stendi na magurudumu yananing'inia. Bushi ni mpira ulioshikana na chuma ndani na nje, hauzunguki, unajipinda tu. Ukikaza ikiwa inaning'inia, ukishusha gari mpira tayari umepindwa na utaishi hivyo hivyo, kila shimo unaongezewa, baada ya muda mfupi umechanika na unamlaumu muuza spea kwamba kakupa feki. Mkono tu kwanza, shusha gari, itikise juu chini, afu ingia uvunguni ukaze ikiwa imesimama kwa miguu yake. Fundi alilalamika nafasi ni ndogo. Ni ndogo kweli, tuliweka mbao chini ya tairi ikawa afadhali.

Ukipandisha gari alaimenti, yaani namna magurudumu yalivyonyooka na kulala, inabadilika, hakuna ujanja. Bolti za kamu kwenye amu za chini ndo za kurekebishia, na kwenye gari iliyokaa Pwani kabla ya kuja huku mara nyingi zimeganda kwa kutu, zinyunyizie dawa siku moja kabla. Mwambie wa alaimenti akupe kasta ya kutosha, ule mlalo wa kurudi nyuma unaofanya usukani ujinyooshe, siyo kunyoosha tairi tu, maana koili ndefu zinaipunguza na bila hiyo usukani unakuwa mwepesi na gari inatangatanga lami ya Morogoro.

Baada ya hapo endesha kidogo urudie kukaza nati zote kwa toki renchi, kutoka mjini mpaka Kibaigwa ni umbali mzuri wa kuzijaribu. Mbili tatu zitasogea, hiyo ni kawaida kwa rimu mpya.

Mtihani wa kweli ulikuwa Mto Bubu, upande wa Farkwa, ukiwa mkavu, mchanga mlaini mpaka kifundoni. Na hapa niseme tu ukweli, kilichoivusha gari siyo inchi 2 wala tairi mpya, ni upepo. Lami natembelea psi 33 hivi, pale nilishusha mpaka 18, tairi ikalala ikawa ndefu, nikaweka difu loki ya kati (mbele na nyuma zivute pamoja) na L4, ile gia nzito, ikapita polepole bila kuchimba. Landcruiser mkonga moja ilikuwa pale imezama na tairi zimejaa upepo kama za lori la mahindi, tukamwambia mzee punguza upepo, akapunguza, akatoka mwenyewe bila kamba. Ila ukishusha upepo uwe na kompresa ya kujazia, usije ukarudi lami na 18 ukaikaanga tairi.

Mwisho ni spea. Prado 120 iko 4WD muda wote, kwa hiyo spea ya kipenyo tofauti inaifanyisha kazi difu ya kati kila mzunguko, nimenunua tano zinazofanana na kila kilomita 10,000 hivi zinabadilishana nafasi zote. Kava gumu la mlango wa nyuma halikuingia tena kwenye tairi mpya, limekaa stoo. Jeki ya gari nayo haifiki vizuri baada ya kupanda, natembea na kipande cha mbao nene cha kuiwekea chini. Zile 265/65 za zamani zipo nne, bado zina nyama, aliye Dodoma anayezihitaji anicheki tuongee bei.