Nilivyopima Njia Nne za Kupata Maji Katika Jengo Letu

Jengo tunaloishi mtaani Umoja, Nairobi, lina ghorofa nne na nyumba 16, na kwa muda mrefu maji ya mfereji yalitufikia siku mbili tu kwa wiki, Jumatano na Jumamosi, tena mara nyingi usiku wa manane. Wapangaji waliponichagua kuwa katibu wao, jambo la kwanza waliloniagiza ni kutafuta njia ya kudumu na kuifikisha kwa mwenye nyumba ikiwa na hesabu zake. Mapendekezo hayakukosekana. Wapo waliotaka kisima kichimbwe, wapo waliotaka tuagize lori la maji kila wiki, wapo walioamini kwamba paa letu lingetosha kuvuna mvua, na fundi wa mabomba akashauri matangi ya chini yenye pampu. Kila mmoja alitetea lake, na mkutano ukavunjika bila uamuzi.

Nilikumbuka barua ambayo Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, alimwandikia rafiki yake mwanasayansi Mwingereza Joseph Priestley mnamo Septemba 1772, akimweleza jinsi anavyoamua jambo gumu. Alikuwa akigawa karatasi kwa mstari, upande mmoja anaandika yanayounga mkono na upande wa pili yanayopinga, kisha anaendelea kuijaza kwa siku tatu au nne, kwa kuwa sababu haziji akilini zote kwa wakati mmoja. Baadaye alikadiria uzito wa kila sababu na kufuta zile zinazolingana, hata kama ni moja ya upande huu kwa mbili za upande ule. Nilitenga kurasa nne za daftari, ukurasa mmoja kwa kila njia.

Kabla ya kuandika lolote nilihesabu mahitaji. Nyumba 16 zenye watu wanne kila moja, kila mtu akitumia lita 40, huhitaji lita 2,560 kwa siku. Kutoka Jumamosi hadi Jumatano ni siku nne, yaani lita 10,240, ilhali tangi letu la juu ya paa lilikuwa la lita 5,000.

Kisima ndicho kilichopendwa zaidi, nami mwanzoni nilikiunga mkono. Hata hivyo, upande wa yanayopinga ulijaa haraka: gharama ya kuchimba mamia ya mita, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, tathmini ya athari kwa mazingira, na madini ya floraidi, ambayo katika visima vingi vya Nairobi huzidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani na ambayo huharibu meno ya watoto wanaoinywa kwa miaka mingi. Lililonielemea zaidi ni kwamba kisima kikishachimbwa hakirudishwi, na maji yakitoka mabaya, fedha zimekwisha kuzama ardhini. Lori halikunichukulia muda mrefu: halidai mtaji, lakini bei yake hupanda wakati ule ule ambapo mtaa mzima umekauka, na hatukuwa na namna ya kujua maji yametekwa wapi.

Mvua nilitamani sana ifaulu. Paa la mita za mraba 150 hupokea lita 150 kwa kila milimita ya mvua, hivyo siku ya milimita 20 ingetupa lita 3,000, zaidi ya mahitaji ya siku nzima. Tatizo ni Januari, Februari, na ile miezi ya baridi ya Julai na Agosti, ambapo manyunyu ya Nairobi huweza kulowesha nguo kambani bila kujaza hata ndoo. Niliuacha ukurasa huo bila kuufuta.

Siku ya tatu nilipeleka daftari kwa mama mzee wa ghorofa ya nne, ambaye sote tunamwita Shosho. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Katibu, katika karatasi hizi umeandika ngazi mahali gani?" Sikuwa nimeziandika. Kumbe yeye hubeba mtungi wa lita 20 kwa kuugawa katika ndoo mbili ndogo, akipumzika katika kila ghorofa, kwa sababu presha ya usiku haifikishi maji kwenye paa. Mara nyingi tangi la juu halikujaa hata siku za maji. Nilikuwa nimepima wingi wa maji na bei yake, nikasahau nani huyabeba. Sababu hiyo moja ilifuta tatu nilizokuwa nimeziandika dhidi ya pampu.

Ilibaki kujua kama presha hiyo ingetosha hata kwa matangi ya chini. Usiku wa Jumatano fundi alifunga kwenye bomba mpira ule mweupe unaoonyesha maji ndani, ambao waashi hupimia levo, akauinua polepole huku nikimulika kwa tochi ya simu. Maji yalipanda yakapita kizingiti cha juu cha mlango, yakasimama hapo yakitikisika. Kwa hiyo tangi moja refu la lita 10,000 lisingejaa, bali mawili mafupi ya lita 5,000 yangejaa. Mwenye nyumba alipoona hesabu hizo alikubali kununua matangi, nasi tukachangia pampu. Umeme ukipotea, tangi la paa hutuvusha karibu siku mbili, na tuliacha bomba moja chini kwa dharura. Waendesha bodaboda watatu walipoteza mahali pa kuegesha pikipiki usiku, tukawahamishia pembeni mwa lango.

Sasa wapangaji wa ghorofa ya chini wanasema si haki walipie umeme wa pampu sawa na wa juu, kwa kuwa wao wanaweza kuteka kwenye bomba la dharura. Wana hoja ya kweli, na Shosho naye anayo yake. Nimefungua ukurasa mpya, na safari hii ngazi ndizo nilizoziandika kwanza. Leo ni siku ya pili. Nitaupeleka mkutanoni Jumapili.