Samaki Viwili

Miezi minane nilijifunza Kikorea peke yangu Dar es Salaam, simu mkononi, darasa langu likiwa daladala ya Mbagala. Herufi hazikunisumbua. Hangeul, alfabeti ya Kikorea, ina herufi 24 za msingi, na Mfalme Sejong aliitangaza mwaka 1446 akitaka hata mtu wa kawaida aweze kusoma. Basi treni ya KTX ilipotoka Seoul kwenda Busan, nilisoma kila bango lililopita dirishani, najiona nimeshaiva.

Jagalchi, soko la samaki la Busan, nikakuta maandishi: "Oiso, boiso, saiso." Nikayasoma bila kukwama. Maana sikuipata. Mimi nilikariri oseyo, boseyo, saseyo: njoo, tazama, nunua. Kumbe ndiyo hayohayo, ila kwa lahaja ya kwao. Ni kama mtu aliyejifunza Kiswahili cha vitabuni halafu akateremshwa Makunduchi.

Njaa ikaniingiza kwenye kibanda cha samaki wa kuchoma. Mhudumu wa makamo huitwa imo, yaani mama mdogo. Hapo sikupata shida, hata kwetu mambo ni hayohayo. Nikaagiza samaki wa jamii ya vibua: "Imo, godeungeo i mari."

Akasimama. Akainua vidole viwili. "Du mari?"

Wakorea wana namba za aina mbili, za kwao wenyewe na zenye asili ya Kichina, na huwezi kuzichanganya upendavyo. Wanyama na samaki huhesabiwa kwa neno mari, na mari hutaka namba za Kikorea. Saa nayo ina vituko: saa zenyewe hutajwa kwa Kikorea, dakika kwa Kichina. Ila mtu aliyekulia kwenye ngeli atalalamika nini? Mimi nilitumia i, mbili yenye asili ya Kichina, badala ya du, mbili ya Kikorea; ni sawasawa na kusema "samaki viwili". Imo alicheka mpaka akashika meza, kisha akanirudisha: du mari, du mari.

Wakati wa kulipa akasema, "Man o-cheon." Nikadaka "o-cheon", elfu tano, nikatoa noti ya 5,000, nikishangaa urahisi wake. Akatikisa kichwa. Kwao ikifika elfu kumi huanza kipimo kipya, man, na mimi man ilinipita sikioni. Hakuhangaika kunieleza. Alichungulia pochi yangu iliyokuwa wazi, akagusa kwa kidole noti ya kijani ya 10,000, ile yenye picha ya Sejong.